Mawe Yaliyokaa Juu ya Mgunga

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa pili, na jua la Ndabibi lilikuwa limekausha kila kitu isipokuwa migunga iliyo kando ya mto. Kesho yake nilikuwa nisimame mbele ya kanisa na wanakwaya wenzangu. Viatu nilivyokuwa navyo vilikuwa vya wazi, na visigino vyangu vilikuwa vimepasuka kama tope la bwawa lililokauka. Kwa hiyo nilipanda ule mgunga mkubwa ulio ndani ya Kiwiko, pale mto unapojipinda, huo huo unaofungia ng'ombe wako siku hizi, nikachukua mawe matatu yaliyokuwa yamekaa kwenye panda ya matawi, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu.

Mawe hayo unayajua. Ni yale mepesi, yenye vitundu vitundu kama mkate, ambayo milima yetu iliyatema zamani ilipokuwa bado na moto. Ukilitupa moja majini, linaelea. Kila nyumba hapa kwetu ina moja la kusugulia miguu.

Sikujiuliza yalifikaje juu ya mti. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kujiuliza hakukuwa tabia yangu. Nilidhani wachungaji waliyarusha kwa mchezo. Nikashuka, nikakaa kando ya kidimbwi kilichobaki katikati ya mto mkavu, nikaanza kusugua.

Hapo ndipo aliponikuta Koko Nasieku. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na sote tulimwita hivyo, hata watu waliokuwa na wajukuu wao. Boma lake lilikuwa chini yetu, mto unapokaribia ziwa, na alikuwa amewaleta mbuzi wake kunywa maji.

"Ero," aliniita, kama anavyoitwa kijana, "hayo mawe umetoa wapi?"

"Juu ya mti, Koko."

"Nani alikuambia utoe?"

"Si ni mawe tu. Mbona yako mengi?"

"Mawe iko mingi. Hayo hapana. Rudisha."

Nikacheka. "Nipande mti kurudisha mawe? Koko, leo umekunywa maziwa gani?"

Hakucheka. Aliniangalia miguu, mmoja mweupe na mmoja mchafu, kisha akawageuza mbuzi wake.

"Haya, sugua vizuri," akasema. "Utahitaji miguu ya kukimbia."

Nakuandikia haya wewe, Ndung'u, mtoto wa Mwaniki, na kupitia kwako nawaandikia vijana wenzako mtakaokaa kwenye mkutano wa Jumatatu. Juzi mbele ya watu ulinipa fomu nitie sahihi. Fomu yenyewe inaomba tingatinga lije likate shingo ya Kiwiko, ili mto upite moja kwa moja na ile ardhi ya ndani ibaki kavu mwaka mzima. Shingo hiyo iko ndani ya shamba langu. Bila sahihi yangu hakuna tingatinga.

Ulizungumza vizuri, na sisemi hivyo kukupaka mafuta. "Hii mto imetuchosha," ulisema. "Kila mvua tunahama na magodoro kichwani. Tingatinga ikikuja siku mbili tu, mto inanyooka, watu wanajenga." Watu wakapiga makofi. Niliposimama nikasema sitatia sahihi, mtu fulani nyuma akapaza sauti, "Injinia wa korongo ameongea!" Wakacheka. Mwingine akasema, "Mzee, wewe pima maji na kijiti yako, wacha sisi tupime ploti." Wakacheka tena. Hayo hayakuniumiza. Nimepima maji kwa kijiti miaka mingi na nimechekwa muda wote huo, na kijiti bado kipo.

Kilichoniuma ni wewe ulivyonifuata hadi kwenye lango na kuniuliza polepole, "Anko, kwani hutaki nijenge?"

Sikukujibu pale pale. Nilitaka nijibu kwa mpangilio, bila makofi wala kicheko. Jibu ni hili, na linaanza na baba yako akiwa na jembe mkononi.

Baba yangu alipofariki, mimi ndiye niliyebaki na shamba. Unajua lilivyokaa. Mto unashuka kutoka vilima vya Mau, unaingia kwetu, kisha badala ya kuendelea mbele unapinda, unazunguka kipande kikubwa cha ardhi tambarare, halafu unarudi karibu kabisa na pale ulipoanzia kupinda. Mahali unapokaribiana na wenyewe ndipo shingo. Ni hatua thelathini tu. Ile ardhi iliyozungukwa ndiyo yenye udongo mzuri kuliko wote, mweusi na laini, na ndiyo iliyokuwa ikifunikwa na maji kila mto ulipojaa. Nikapanda mahindi humo, yakafika kiunoni, yakazama. Nikapanda tena, yakazama tena.

Siku moja nikiwa nimesimama pale shingoni niliona jambo ambalo nilidhani hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliona. Hatua thelathini! Mto unatembea mzunguko wote ule kufika mahali ambapo ungeweza kufika kwa hatua thelathini. Nikamwita Mwaniki, binamu yangu, baba yako. Yeye alikuwa mtu wa kucheka kabla ya kusikia mwisho wa maneno.

"Kwa hivyo tunaifundisha mto akili?" aliniuliza.

"Tunaufupishia safari."

"Basi utatushukuru."

Tulichimba mwezi wote wa pili na wa tatu. Udongo wetu ni wa majivu ya milima, unakatika kama keki, kwa hiyo kazi haikuwa ngumu kama tulivyoogopa. Ni katika kazi hiyo ndipo nilipopata visigino vile nilivyovisugua. Koko Nasieku alipita mara kadhaa na mbuzi wake, akatazama mtaro, akatutazama sisi, akaenda zake. Alikuwa ameshaniambia mara moja kuhusu mawe na nilimcheka, na yeye hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Mto ulikuja mwezi wa nne, saa sita mchana, jua likiwaka. Hili ulishike, maana linawadanganya wengi: kwetu hakukuwa na tone la mvua. Mvua ilikuwa imenyesha juu, kule ambako mawingu yalikuwa yamekaa tangu asubuhi. Mwaniki alikuwa ndani ya mtaro anasawazisha ukingo. Kwanza tulisikia harufu, harufu ya udongo uliolowa na samadi. Kisha sauti, kama malori mengi yanayopanda mlima kwa gia ya kwanza. Nilimvuta baba yako kwa mkono, akatoka, jembe likabaki.

Mbele ya maji hakukuwa na maji. Kulikuwa na ukuta wa vijiti, povu na majani makavu, na juu yake yalikuja yale mawe mepesi, mamia, yanaelea na kugongana kwa mlio mdogo kama vikombe kwenye sinia. Ukuta huo ulifika shingoni, ukasita kidogo kama mtu anayechagua njia, kisha ukaingia kwenye mtaro wetu na kuuacha Kiwiko kikavu.

Tulishangilia, mwanangu. Sitaki kukuficha. Baba yako alicheza pale ukingoni, mikono juu, akiimba nyimbo za harusi. "Imetii! Imetii!" alipiga kelele. Nilitazama ardhi yangu kavu na nikaona tayari mahindi yamesimama.

Tulicheza kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Kisha tukasikia mbuzi wa Koko.

Tulikimbia kufuata ukingo, na nilipokuwa nakimbia nilikumbuka alichosema kuhusu miguu yangu. Tulipofika, kisima alichochimba mchangani, kilichozungushiwa miiba ili mifugo wasikichafue, kilikuwa hakipo tena. Mchanga ulikuwa umekijaza hadi juu na kuendelea. Zizi la wana wa mbuzi, lile dogo lililokuwa karibu na nyumba yake, lilikuwa limekwenda pamoja na wana-mbuzi kumi na wawili. Yeye alikuwa amesimama juu ya kichuguu na mmoja kwapani.

Nilitaka kusema kitu. Alininyamazisha kwa kuinua kidevu.

"Mimi nimekaa hapa tangu nizaliwe," akasema. "Hii maji naijua. Inazunguka kule kwenu, inachoka, inaacha mchanga yake huko, inafika kwangu ikitembea. Leo imefika ikikimbia. Nani alifundisha yeye kukimbia?"

 

"Tutafunga, Koko," nikasema.

"Mtafunga. Lakini kwanza mtaona. Maji ikishuka, mje na viatu."

Siku ya tatu alituchukua kutoka mlangoni kwake hadi chini ya vilima, kwa miguu, ndani ya mto wenyewe. Yeye alitangulia na fimbo. Hakuwa amesoma hata darasa moja, na mpaka leo sijapata somo la jiografia lililozidi lile. Kwake kulikuwa na tope laini kama unga. Tulipopanda kidogo likawa mchanga. Mbele zaidi vijiwe kama punje za mahindi, kisha kama mayai, kisha kama ngumi. Tulipofika mguuni mwa vilima, mawe yalikuwa makubwa kama viti na mengine kama ng'ombe aliyelala.

"Haya, nyinyi wenye akili," akasema. "Nani alipanga?"

"Mto," nikajibu.

"Na kwa nini hakuleta hii kubwa mpaka kwangu?"

Mwaniki akasema, "Alichoka, Koko."

"Alichoka." Akaipiga fimbo chini. "Hapa anashuka kwa nguvu, anabeba kila kitu. Akifika pahali ya kulala anaacha mzigo. Kwanza ile nzito, halafu nyepesi. Anajaza hapa, njia inakuwa juu, anatafuta njia ingine pale. Anajaza pale. Hii uwanda yote ya Ndabibi mnalima, nani alileta? Baba zenu walikuta imeshaletwa."

Baadaye nikifanya kazi katika ghala moja Nakuru, nilianza kununua vitabu vya jiografia vya shule, vile vinavyouzwa kando ya barabara vikiwa vimetolewa majalada. Nilivisoma kimoja kimoja kwa miaka, na kila nilipofika sura ya mito nilimkuta Koko na fimbo yake. Vitabu vina michoro na yeye alikuwa na mawe, lakini maneno ni yale yale. Mto ukipinda, unakula ukingo wa nje na kuweka udongo ukingo wa ndani. Ukiufupishia njia, mteremko unakuwa mkali, maji yanapata kasi, na kasi hiyo lazima ilipe mahali fulani: juu kwa kuchimba, chini kwa kufunika. Nilisoma hayo nikiwa nimeshayafanya.

Tulipokuwa tunarudi alitusimamisha chini ya mgunga. Akainua fimbo hadi kwenye ile panda ya matawi iliyokuwa tupu.

"Hapo mliona mawe. Maji iliweka, mimi nikiwa msichana mdogo. Mama yangu alikataza mtoto yeyote kugusa. Kila mtu akitaka kujenga boma, anakuja hapa, anaangalia mawe, anajua maji ilifika wapi. Sasa imefika kwa visigino yako."

Nimekemewa na watu wengi maishani, na wengine walikuwa na haki. Hakuna aliyewahi kunipata kama yeye pale.

Hukumu ya pili ilikuja na mvua za mwezi wa kumi na moja, na hii ilikuwa juu, kwangu mwenyewe. Pale mtaro ulipoanzia, sakafu ya mto ilikuwa imeshuka ghafla kama ngazi. Kila maji yalipokuja, ile ngazi ilirudi nyuma, kuelekea vilimani, na kila iliporudi nyuma kingo zote mbili zilibomoka. Nilianza kuhesabu hatua kutoka ukingoni hadi kaburi la baba yangu. Zilikuwa arobaini. Baada ya mvua moja kubwa zikawa ishirini na tano. Kisha kumi na moja.

Mama yangu alikuja akasimama nami pale, leso amejifunga kiunoni. "Baba yako alikaa na huu mto miaka thelathini hakuugusa," akasema. "Wewe umekaa nao mwaka mmoja." Akarudi jikoni.

Tulifunga mtaro kwa misimu miwili ya kiangazi. Mwaniki nami tulibeba mawe kutoka mguuni mwa vilima kwa mkokoteni wa punda. Hatukujenga ukuta mrefu, maana ukuta mrefu mto ungeusukuma. Tulijenga vizuizi vifupi vya mawe na matawi ya leleshwa yaliyosukwa, kimoja nyuma ya kingine, ili maji yapite juu yake polepole na kuacha mchanga. Kando tukapanda mkonge. Koko alikuja kukagua karibu kila wiki, akikaa juu ya ukingo na ugoro wake.

"Layoni hizi!" alituita, yaani wavulana ambao bado hawajawa wanaume, ingawa Mwaniki alikuwa tayari na mke. "Asubuhi mlikula nini, uji ya maji? Jiwe hiyo inabebwa na mbuzi!"

Mto wenyewe ndio uliomaliza kazi. Ulijaza mtaro kwa mchanga wake, na mvua ya tatu ukarudi kuzunguka Kiwiko kama zamani. Mahindi yangu ya humo ndani yakazama tena, na nilifurahi kama mtu aliyeachiliwa kutoka kizuizini. Kaburi la baba liko hatua nne kutoka ukingoni mpaka leo. Nenda uhesabu. Usinisadiki mimi, hesabu.

Baba yako alipanda mgunga akarudisha yale mawe matatu kwenye panda. Moja lina upande uliolika, laini, kwa sababu ya visigino vyangu. Baba yako hakukusimulia haya kwa kuwa aliona aibu kuhusu ile ngoma aliyocheza. Angekuwa hai ningemwacha akusimulie mwenyewe, naye angeifanya ngoma iwe ndefu zaidi.

Sasa nije kwenye fomu yako. Mnasema mto umekuwa adui. Nakataa. Wengine wanasema ni adhabu ya Mungu, na nakataa hilo pia, kwa sababu Mungu aliupa mto uwanda wake kabla yetu sisi kupewa hati za mashamba. Mafuriko si mto kuvamia watu. Kitanda cha mto ni pale unapopita kila siku; uwanda ni pale unapojinyoosha ukijaa, na uwanda nao ni sehemu ya mto hata ukikaa mkavu miaka kumi. Ziwa nalo ni hivyo hivyo. Wale wa Kamere, kule ufukweni, walioona maji yakiingia jikoni walikuwa wamejenga mahali ambapo ziwa lilikuwa limerudi nyuma kwa muda tu. Siwacheki. Walihitaji mahali pa kulala, na hakuna aliyewaonyesha mawe.

Ni kweli maji ya siku hizi yanakuja haraka zaidi. Nimeyapima na sitabishana. Huko juu miti imekatwa na ardhi imebaki uchi. Kila barabara mpya ina mtaro wake, na kila mtaro unatoa maji hapo hapo, siku hiyo hiyo. Ekari nyingi zimefunikwa kwa plastiki ya mashamba ya maua, na plastiki hainywi maji. Zamani mvua ya vilimani ilichukua muda kutufikia. Sasa inafika yote pamoja. Na nyinyi dawa mnayoleta ni kuifupishia njia tena! Mtu anakuja mbio kuelekea kwako, nawe unamfagilia njia.

Mnasema tingatinga si jembe, kwamba sisi tulikosea kwa sababu tulikuwa vijana wawili na mtaro mwembamba. Tingatinga litafanya kosa lile lile kwa siku mbili badala ya miezi miwili. Tofauti ni hiyo tu. Na boma la Koko sasa si boma moja. Pale chini kuna nyumba nyingi, kuna watoto wanaokwenda shule kwa kuvuka mto ule. Mkiyakimbiza maji, yatawafikia wao. Kwenye mkutano ule sikuona hata mmoja wao. Hakuna aliyewaita.

Kwa hiyo mniite mpinga maendeleo. Mniite Injinia wa korongo. Leteni chifu, leteni mheshimiwa, leteni hema kubwa zaidi na vipaza sauti viwili. Nitakuja, nitasalimia watu, nitakunywa soda yenu, na sitatia sahihi. Tingatinga likifika shingoni litanikuta nimekaa kwenye kigoda changu katikati ya hatua thelathini, na dereva itabidi aamue. Nilishakata shingo ile mara moja. Hakuna mtu atakayeikata tena nikiwa na pumzi.

Lakini uliniuliza kama sitaki ujenge.

Wiki iliyopita, kabla ya mkutano, nilikwenda kuangalia msingi uliochimba chini ya mgunga. Umechimba vizuri, kona zote ziko sawa, nilizipima kwa kamba. Kisha nikatazama juu. Yale mawe matatu aliyorudisha baba yako bado yapo. Lakini sasa yapo manne. Mvua zile zilizotuhamisha na magodoro zimeweka la nne, wala halipo kwenye panda ile. Liko tawi la juu yake, mkono mzima juu zaidi. Hakuna mtoto aliyelirusha, nimeuliza wote. Sasa panga mabati yako kichwani mwako, ukuta, linta ya juu ya madirisha, paa, kisha uniambie jiwe hilo liko juu ya paa lako au chini yake. Mimi nimeshapima. Liko sawa na linta, pale unapoweka dirisha la chumba cha watoto.

Ndiyo maana sitaki ujenge hapo. Hapo tu.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, wewe na wenzako. Kabla ya kununua ardhi au kuchimba msingi, tembea mtoni kiangazi, upande hadi vilimani, uone mawe yalivyopangwa, na ujue wewe unakaa kwenye yapi. Tafuta alama za maji mitini na kwenye kuta za zamani, na ukizipata usiziguse, hata kama visigino vinakuuma. Waulize wanawake wazee wanaochota maji, maana wao wameutazama mto kila siku, si siku ya mkutano tu. Ardhi ya ndani ya Kiwiko ilime. Panda maharagwe na sukuma baada ya maji kushuka, lisha ng'ombe humo, na ule udongo mweusi utakulipa. Usilale humo. Mpe mto nafasi ya kujinyoosha, na pale juu pandeni miti mingi kuliko mliyoikata. Na mtu akikuletea karatasi inayosema mto utanyooshwa, muulize maji yatafika kwa nani, halafu mwite huyo mtu naye aketi.

Fomu yako nairudisha pamoja na barua hii. Mahali pa sahihi ni patupu. Lakini igeuze. Nyuma nimechora ramani ya kipande cha shamba langu, futi hamsini kwa mia, kule juu ya kaburi la baba yangu, kando ya vichaka vya leleshwa, mahali ambapo maji hayajawahi kufika katika kumbukumbu ya Koko wala katika vijiti vyangu. Nimekwisha pigilia vigingi vinne. Baba yako alibeba mawe na mimi misimu miwili bila kuuliza atapata nini, na hilo sikulisahau. Njoo Jumatatu asubuhi, kabla ya mkutano wenu, na mkokoteni wa punda. Mawe yako ya msingi tutayahamisha wawili, na nikichoka uniite layoni, nimezoea.

Mungu akupe nyumba yenye sakafu kavu na majirani wa chini wasiokulaani. Mvua ikinyesha Mau, ikinyesha usiku kucha, wewe na watoto wako mgeuke tu kitandani, mvute blanketi, mlale.